Nani Aliruhusiwa Kupanda Mti? Matabaka na Chimbuko la Mapinduzi ya Zanzibar

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa walimu na wanafunzi wa somo la historia. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wapenzi, wazee wangu mlioketi mbele, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, asalaam aleikum, na habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya matabaka ya kijamii katika kuzuka kwa mapinduzi. Ningeweza kuwapeleka Paris ya mwaka 1789 au Petrograd ya mwaka 1917, kwa kuwa huko ndiko vitabu vingi vinakotupeleka tunapotaka kulielewa jambo hili. Sitafanya hivyo. Tunayo mapinduzi yetu, yaliyotokea usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 visiwani Zanzibar, na mpaka leo watu waliokua nyumba moja huweza kunyimana salamu kwa kubishana ni nini hasa kilichotokea usiku ule.

Ubishi wenyewe mnaujua. Wapo wanaosema kwamba ilikuwa vita ya wavujajasho dhidi ya makabaila, na wapo wanaosema kwamba ilikuwa chuki ya asili na rangi tu, na kwamba maneno ya matabaka yaliletwa baadaye ili kuipamba damu iliyomwagika. Mimi nimelisoma jambo hili kwa miaka mingi, nimelifundisha, na limenikosesha usingizi, nami nimefikia mahali pa kuamini kwamba tukitaka kulielewa inatubidi tushike mambo mawili kwa pamoja. Hasira iliyozaa mapinduzi ilikuwa hasira ya ardhi, ya kazi na ya deni, yaani hasira ya kitabaka. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa imegawa ardhi, kazi, viti vya Baraza la Kutunga Sheria, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula, kwa kufuata asili ya mtu. Mtu aliyekasirika kwa sababu ya shamba akajikuta hana neno la kuitaja hasira yake isipokuwa jina la kabila la mwenye shamba. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitalisema kwa kuanzia pale lilipoanzia, yaani shambani.

Ndugu zangu, naomba tuufikirie mkarafuu. Mnaijua kazi yake. Mchumaji hupanda juu, huku ameshika upembo wa kuvutia matawi yaliyo mbali, na huyachuma maua yakiwa bado vifundo, kwa sababu yakifunguka thamani yake imekwisha. Akishuka huketi chini na watoto na wanawake kuchambua, kifundo huku na kikonyo kule, kisha karafuu huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ya kahawia iliyoiva, na mvua ikinyesha ghafla wote hukimbia kuyakunja majamvi. Malipo ya mchumaji yalipimwa kwa pishi. Pishi ni vibaba vinne, kila mtu anajua. Lakini ni nani aliyeishika pishi wakati wa kupima? Ni nani aliyeamua kama imejaa kwa usawa wa mdomo au imejaa kwa kilele? Mchumaji alisimama na kutazama mkono wa mtu mwingine. Mtu anayetaka kuona tabaka kwa macho na aanzie hapo, kwenye mkono ulioshika pishi na macho yanayoutazama.

Mkarafuu uliletwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Chini ya utawala wa Seyyid Said, aliyehamishia makao yake kutoka Oman, mashamba yalienea upande wa magharibi na kati wa Unguja, ambako ardhi ni nzito na yenye rutuba, na yalilimwa kwa jasho la watumwa walioletwa kutoka bara. Wenyeji wa Unguja, hasa Wahadimu, walisogezwa kidogo kidogo kuelekea mashariki na kusini, kwenye nchi ya maweni, ambako jembe hugonga jiwe kabla halijaingia udongoni. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 utumwa ukafutwa kisheria chini ya himaya ya Waingereza. Je, ardhi iligawanywa upya? Haikugawanywa. Mwenye shamba alibaki na shamba lake na akalipwa fidia kwa kumpoteza mtumwa, na mtumwa aliyekombolewa akabaki na mikono yake.

Hapo ndipo lilipozaliwa tabaka ambalo mimi naliona kuwa kiini cha habari yote hii: wakulima walioishi ndani ya mashamba ya watu wengine, ambao katika vitabu huitwa maskwota. Miongoni mwao walikuwamo wazao wa watumwa, na baadaye wahamiaji wengi kutoka bara waliovuka bahari kutafuta kazi. Mkataba wao haukuandikwa popote. Mwenye shamba alimruhusu mtu kujenga kibanda na kulima muhogo, viazi na ndizi kati ya mikarafuu, naye mtu huyo kwa kulima kwake akaiweka mikarafuu safi, bila magugu. Wote wawili walifaidika, na kwa miaka mingi wengi wao waliishi kwa kuheshimiana, wakazikana na kualikana harusini. Sitaki kuwadanganya kwamba kila shamba lilikuwa jehanamu.

Lakini lilikuwapo sharti moja. Skwota aliruhusiwa kupanda muhogo, lakini hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu.

Kwa nini? Kwa sababu katika mila za visiwa hivi mti ni mali inayosimama peke yake. Ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Aliyepanda mti ana haki ya matunda yake, huuacha kwa wanawe, na hawezi kung'olewa mahali pale kirahisi. Muhogo ukishavunwa hauachi dai lolote. Kwa hiyo mtu aliweza kuzaliwa katika shamba lile, akaoa pale, akazika wazazi wake pale, akalima pale miaka arobaini, na siku ya mwisho akawa hana hata mti mmoja wa kusema kwamba ni wake. Mnaona uzito wa jambo hili? Wengi wa maskwota hawakuwa wakifa njaa. Walikuwa watu wanaokula na kuishi, lakini wasioruhusiwa kutia mzizi. Nami nawaambia kwamba katika kutafuta chimbuko la mapinduzi tumezoea mno kuitafuta njaa, tukasahau kulitafuta sharti la namna hii.

Sasa vukeni nami tuelekee Pemba, kwa sababu Pemba ndiyo inayoipima hoja yangu.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Basi kama karafuu peke yake ingezaa mapinduzi, yangezaliwa Pemba. Kama kuwapo kwa Mwarabu na Mwafrika mahali pamoja peke yake kungezaa mapinduzi, vilevile yangezaliwa Pemba, kwa sababu Waarabu wa Pemba walikuwa wengi na waliishi vijijini katikati ya watu. Lakini mapinduzi yalizaliwa Unguja. Kwa nini?

Itazameni nchi yenyewe. Pemba ni vilima na mabonde, na ardhi nzuri imetawanyika kila upande, kwa hiyo haukuwapo mstari wa kuwasukumia wenyeji nyuma yake kama ule wa maweni ya Unguja. Wapemba wengi walibaki mahali pao na wakamiliki mikarafuu wao wenyewe, huyu miti kumi, yule hamsini, mwingine zaidi. Walioana sana na Waarabu, na mwenye miti mingi na mwenye miti michache waliitazama bei ile ile ya karafuu kwa wasiwasi ule ule. Mpemba mwenye miti yake na skwota wa Unguja wote wawili serikali iliwaandika kuwa ni Waafrika, na hata hivyo uchaguzi ulipofika, Wapemba wengi walikiunga mkono chama kilichosimama pamoja na wenye mashamba. Mara nyingi nimewasikia watu wakisema kwamba Wapemba walidanganywa. Mimi nasema tuwaheshimu. Waliijua nafasi yao katika uzalishaji wa karafuu na wakapiga kura wakiwa wameisimamia. Asili ilikuwa moja, umiliki ukawa tofauti, na siasa ikaufuata umiliki.

Wanafunzi wangu, msije mkafikiri kwamba tabaka la juu lilikuwa limeketi raha mustarehe. Hili halisemwi vya kutosha. Wenye mashamba wengi wa Kiarabu walikuwa wamezama katika madeni. Ili kulipa wachumaji mwanzoni mwa msimu, kabla karafuu haijauzwa, walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka shamba rehani, na msimu mbaya ukifuata mwingine rehani ilikua kuliko shamba. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuzuia mashamba yasiangukie mikononi mwa wakopeshaji, na chama cha wakulima wa karafuu kilichosimamiwa na serikali kikapewa madaraka makubwa juu ya biashara yenyewe. Wafanyabiashara wa Kihindi wakapinga, na mwaka 1937 hadi 1938 karafuu ya Zanzibar ikasusiwa mpaka India kwenyewe. Maana yake nini? Maana yake tabaka lililoonekana kwa macho ya skwota kuwa ndilo linalotawala lilikuwa likishikiliwa kwapani na Mwingereza ili lisianguke. Lilikuwa na heshima, lilikuwa na majina makubwa, lilikuwa na Sultani, lakini fedha zilikuwa kwingine na bunduki zilikuwa kwingine.

Nilipokuwa nikifundisha sehemu hii, kijana mmoja aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, kama wenye mashamba walikuwa wanadaiwa, kwa nini hasira haikuwaendea wenye fedha?" Swali lile lilinikalisha chini, na sikumjibu siku ile ile. Jibu ninalolipata ni kwamba skwota hakuwahi kuiona hati ya rehani. Alimwona mtu aliyemwambia "usipande mti hapa". Mtu hulichukia tabaka linalomfikia mlangoni, hata kama nyuma yake liko jingine lenye nguvu zaidi. Wenye maduka hawakusalimika hata hivyo, na nitawafikia.

Tuje mjini. Ng'ambo ya kijito, mkabala na Mji Mkongwe wa mawe, waliishi wachukuzi wa bandarini, mabaharia, wapishi, mafundi, wauza samaki na vibarua wa kila namna, katika nyumba za udongo walizojenga wenyewe juu ya ardhi ya watu wengine. Tazameni jinsi sharti la shambani linavyojirudia mjini: nyumba ni yako, kiwanja si chako. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Miaka ishirini baadaye, Agosti 1948, wachukuzi wa bandarini waligoma wakidai mshahara unaolingana na maisha, na kufikia Septemba mgomo ukawa umeenea mji mzima, mpaka majumbani ambako wapishi na watumishi waliacha kazi. Wachukuzi wale wengi walikuwa watu wa bara. Mgomo wao ulikuwa wa kitabaka usiku na mchana, hauna asili wala dini ndani yake, ila dai la mfuko tu.

Kutoka katika mazingira hayo ya bandari ndiko alikotoka Abeid Amani Karume, baharia aliyekuja kuongoza umoja wa waendesha mashua zilizowashusha abiria kutoka melini. Hakuwa msomi, na wapinzani wake walipenda kulisema hilo kama aibu. Lakini mwenye shahada angewezaje kuwajua wachukuzi wale kwa majina yao kama alivyowajua yeye?

Wazee wangu, kuna tukio moja ambalo naomba mniruhusu nilikalie kidogo, kwa sababu linavunja masimulizi ya pande zote mbili. Nalo ni Vita vya Ng'ombe vya mwaka 1951.

Kiembe Samaki, nje kidogo ya mji, wakulima walikuwa wamekwisha kuchukuliwa ardhi kwa ajili ya kupanua uwanja wa ndege. Juu ya hilo serikali ikaamuru ng'ombe wote wachanjwe na kuogeshwa kwa lazima. Wakulima walisema kwamba ng'ombe wao wengine walikufa baada ya kuogeshwa, wakakataa kuwapeleka tena. Baadhi yao wakashtakiwa na kuhukumiwa. Siku ya tarehe 30 Julai umati ukafuatana nao mjini, ukajaribu kuwaokoa wasipelekwe gerezani, na polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Hawakuwa wasomi wale, wala hawakuwa na chama. Walikuwa wafugaji wa ng'ombe wawili watatu waliosukumwa mpaka ukutani.

Baada ya hapo wakulima hao wakaanzisha chama chao cha kisiasa. Mnajua kilikuwa chama gani? Ndicho kilichokuja kuwa Zanzibar Nationalist Party, kile ambacho watu walikiita Hizbu. Ndiyo, chama ambacho baadaye kilijulikana kuwa cha Waarabu na cha wenye mashamba kilianza mikononi mwa wakulima wa Kiafrika waliojiita raia wa Sultani. Wasomi wa Kiarabu walijiunga nacho mwaka 1955, wakakipa elimu, fedha na mpango, na uongozi ukahamia kwao. Kwa upande wa pili, Afro-Shirazi Party ilizaliwa mwaka 1957 kwa kuunganisha jumuiya ya Waafrika wenye asili ya bara na jumuiya ya Washirazi, wenyeji wa visiwa waliojihesabu kuwa na asili ya Uajemi; yaani jumuiya mbili zilizoitwa kwa asili za watu. Kwa nini wakulima wa Kiembe Samaki hawakuanzisha chama cha wakulima? Kwa nini wachukuzi wa 1948 hawakuanzisha chama cha wafanyakazi? Kwa sababu kila mlango wa serikali uliokuwapo uliandikwa juu yake "Waarabu", "Wahindi", "Waafrika". Viti vya baraza vilitolewa hivyo kabla ya uchaguzi. Mtu aliyetaka kusikika ilimbidi apite katika mlango wa asili yake, hata kama alichobeba mkononi ni malalamiko ya ujira.

Na sasa tunafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, mapinduzi yalianza kuwa mapinduzi. Si mwaka 1964. Ni mwaka 1957 na 1958.

Julai 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza, na kati ya viti sita vilivyopigiwa kura Hizbu haikupata hata kimoja. Huko mashambani uhusiano wa zamani ukavunjika vipande vipande. Skwota aliyepigia kura chama cha Waafrika, yaani Afro-Shirazi, alianza kuona kwamba shamba analolilima linaweza kuwa haki yake, akapunguza heshima, akaacha kupalilia mikarafuu. Mwenye shamba aliyeshindwa uchaguzi alianza kuona kwamba anafuga maadui kati ya miti yake, akadai utii wa kisiasa au kuondoka. Maskwota wakafukuzwa. Hebu fikirieni kufukuzwa kwenyewe kulivyokuwa: mtu anaambiwa aondoke, na muhogo uko ardhini, haujakomaa. Angekuwa na mnazi mmoja angekuwa na dai. Hana. Anabeba sufuria, jamvi na watoto, anauacha muhogo. Sharti lile la mti, ambalo kwa miaka sitini lilikuwa mila tu iliyonyamaza, siku ile lilisema kwa sauti. Waafrika nao wakajibu kwa kususia maduka ya Waarabu na Wahindi mwaka 1958, na kijiji kikagawanyika mpaka kwenye misiba.

Uchaguzi wa Juni 1961 ulimalizika kwa ghasia zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu. Nawaomba mlitazame jambo lifuatalo kwa moyo mzito. Wengi waliouawa walikuwa Wamanga, yaani Waarabu waliofika karibuni kutoka Oman, wenye viduka vya chumvi, mafuta ya taa na sukari huko vijijini. Wamanga walikuwa maskini. Familia kubwa za Kiarabu za mjini ziliwadharau. Lakini wao ndio waliokuwa karibu. Wao ndio walioandika madeni ya skwota katika daftari la duka. Kabaila aliishi mjini, Mmanga aliishi njiani. Hapo ndipo hasira ya kitabaka ilipolipa gharama ya kuvaa jina la asili: ikampiga maskini mwenzake ikidhani imelipiga tabaka la juu.

Mnaweza kuniuliza: kama hasira ilikuwapo tangu 1957, kwa nini mapinduzi yangoje mpaka 1964? Swali zuri. Walio chini hukasirika mara nyingi na serikali hubaki mahali pake. Ili serikali ianguke, inabidi pia watu wa kati, wale wanaoishikilia kila siku, waache kuishikilia. Na ndivyo ilivyokuwa.

Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, lakini ikapata viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na mshirika wake, Zanzibar and Pemba People's Party, wakapata 18 na kuunda serikali chini ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Wengi walipiga kura na wachache wakatawala, kwa mujibu wa sheria na mipaka ya majimbo. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Mwingereza aliyekuwa akilishikilia tabaka la juu kwa kwapa akaondoka, na nchi ikabaki bila jeshi, ina polisi tu.

Na polisi wenyewe? Wengi wa askari wa kawaida walikuwa watu wa bara walioajiriwa enzi za ukoloni. Serikali mpya, kwa kuwaogopa, ikaanza kuwaachisha kazi, na wengine wakaachwa Unguja bila nauli ya kurudi kwao. Fikirini hilo kwa utulivu. Unamwachisha kazi mtu anayeijua ghala ya silaha ya Ziwani, anayejua zamu hubadilishwa saa ngapi, anayejua ni nani hulala langoni, kisha unamwacha mtaani Ng'ambo bila mshahara na bila nauli. Wakati huo huo, vijana wasomi wa mrengo wa kushoto waliokuwa ndani ya Hizbu walikuwa wamekwisha kutoka wakiongozwa na Abdulrahman Babu na kuunda Umma Party, na mwanzoni mwa Januari 1964 chama hicho kikapigwa marufuku. Kwa hiyo katika siku 33 za uhuru, serikali ilikuwa imejitengenezea maadui ndani ya polisi na ndani ya wasomi, juu ya wale iliokuwa nao shambani na bandarini.

Wengine hunijibu kwamba mapinduzi yalikuwa kazi ya wageni, na ushahidi wao ni John Okello, mtu wa Uganda, aliyewaongoza wapiganaji usiku ule na kujiita Fildi Masho, yaani kwa cheo cha juu kabisa cha jeshi. Ni kweli kwamba alitoka Uganda. Lakini alikuja kufanya nini? Alifika Pemba mwaka 1959 kutafuta kazi, akafanya kazi za mikono, akahamia Unguja. Alikuja kwa njia ile ile waliyokuja nayo wachumaji wa karafuu, wachukuzi na askari polisi. Watu wa bara mnaowaita wageni walikuwa tabaka la wafanyakazi la Zanzibar kwa miaka mingi. Uchumi wa karafuu uliwaalika kwa mikono yao na ukawanyima kila kitu kingine.

Usiku ule watu mia chache, wengi wao wakiwa na mapanga, mikuki na vyuma, walivamia Ziwani na kuchukua bunduki. Kulipokucha serikali haikuwapo, na Sultani Jamshid akaondoka kwa meli. Yaliyofuata mnayajua, na wengine humu ndani mnayajua kwa majina ya watu wa familia zenu. Watu wengi sana waliuawa, wengi wao Waarabu, na wengi wa hao hawakuwa na shamba kubwa wala deni la mtu. Siwezi kusimama hapa nikaeleza matabaka kana kwamba maelezo hayo yanawafuta machozi waliofiwa. Kueleza kwa nini skwota alikasirika si kuhalalisha panga lililomshukia mwenye kiduka. Nalisema hili kwa sababu nimeona walimu wenzangu wakikwepa moja ya mambo haya mawili, na mwanafunzi hutambua mara moja mwalimu anapokwepa.

Mwaka ule ule ardhi ikatwaliwa na dola, na katika miaka iliyofuata ikagawiwa kwa eka tatu tatu. Skwota aliyekatazwa kupanda mti akapewa eka tatu zenye mikarafuu iliyosimama tayari. Lakini ardhi ilibaki mali ya serikali, na karafuu ilipokauka juu ya majamvi palikuwa na mnunuzi mmoja tu aliyeruhusiwa kisheria, yaani shirika la serikali, lililopanga bei lenyewe, bei ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chini sana ya ile ya soko la dunia. Aliyethubutu kuzivusha kwa magendo alihesabiwa kuwa mhalifu mkubwa. Mkulima akawa na mti. Pishi ikawa kwenye mkono mwingine.

Ndugu zangu, hapo ndipo somo la mwaka 1964 linapokutana na somo la miaka iliyofuata, ambalo nimeombwa nilizungumzie siku nyingine. Sasa nawaachia nafasi. Ningependa tuanze na wazee waliochuma karafuu kwa mikono yao, kisha wanafunzi wafuate.